Shela Litavaliwa

Shangazi Flora alikuwa na saluni ya maharusi Makambako, mtaa wa nyuma ya stendi, na hakuna msichana wa ukoo wao aliyewahi kuolewa bila kupita mikononi mwake. Mashela yake, magauni meupe ya harusi, yalining'inia ukutani yamefunikwa kwa nailoni, na kubwa kuliko yote lilikuwa lile lenye mkia mrefu kiasi kwamba bibi harusi akishafika mbele ya padri, mkia ulikuwa bado unaingia mlangoni.

Kwa upande wa uso, Shangazi alikuwa na uso mmoja tu aliouamini. Fondesheni yake haikujali ulizaliwa na rangi gani. Nyusi alizinyoa, akazichora upya juu kidogo ya pale Mungu alipoziweka, kwa hiyo kila bibi harusi aliyetoka pale alionekana kama mtu aliyeambiwa habari ya kushangaza na bado hajaielewa. Kope za bandia, wigi, poda, mdomo mwekundu. Watu wa Makambako waliuzoea uso huo. Jumamosi ukikutana nao barabarani ndani ya gari lenye maua, unapiga kigelegele, basi, bila kuuliza ni wa nani.

Mwaka uliopita uso huo ulivaliwa na Aneth, binti wa kaka mkubwa wa Shangazi. Ukumbini, ulipofika wakati wa kubariki, Bibi Lucia, mzee kuliko wote katika ukoo, alisimama kwa fimbo yake, akampita Aneth, akaenda kuweka mikono juu ya kichwa cha msimamizi. Walipomwambia kwamba bibi harusi ni huyu hapa, Bibi alimsogelea Aneth, akamchungulia kwa muda, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, "Huyu ni mgeni. Aneth wetu mmemweka wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Shangazi Flora ndiye aliyecheka zaidi, na kwa mwezi mzima alilisimulia tukio hilo kwa wateja kama sifa ya saluni. Aneth hakucheka. Picha zake za harusi aliziweka chini ya kabati, na mgeni akiomba kuziona, alisema funguo zimepotea.

Oliva aliyaona hayo yote akiwa meza ya pili, anakula wali. Alikuwa binti wa Mzee Jacob, mdogo wake Shangazi Flora na mkulima wa viazi na parachichi kule Uwemba, na alikuwa amepanga chumba Njombe mjini, ambako yeye na rafiki yake Nelly walifuma masweta ya shule kwa mashine. Alikuwa na madoa madogo ya asili puani, mashavu yaliyoiva kwa baridi, na kovu lililokata nyusi ya kushoto, ambalo alilipata utotoni kwa teke la ndama. Kovu hilo alilipenda. Alisema ndicho kitu pekee usoni mwake alichokipata kwa juhudi zake mwenyewe.

Aliyemchumbia alikuwa Kasimiri, muuza vipuri vya malori pale Makambako. Kasimiri alianza kwa kuagiza sweta. Akalirudisha akisema mkono wa kulia ni mrefu. Oliva akaupunguza. Akalirudisha tena, safari hii wa kushoto ndio mrefu. Aliporudi kwa mara nyingine, Oliva aliukagua ule mkono, akaona umevutwa kwa makusudi, akamuuliza kama ana haja ya sweta au ana haja nyingine. Kasimiri akasema ana haja nyingine. Mambo yao yalianza hivyo.

Tarehe ya harusi ilipopangwa, mwezi wa saba, Oliva hakusema neno kwa mtu. Aliingia dukani akanunua nyuzi za sufu za rangi ya udongo wa Uwemba mvua ikishanyesha, akawa anafuma kila alipomaliza kazi za wateja. Lilikuwa gauni la shingo ndefu na mikono mirefu, limebana kiunoni, likafunguka polepole hadi kwenye vifundo vya miguu, na kwenye pindo alilitia nakshi ya rangi ya maziwa. Atalivalia buti za ngozi za kahawia. Nywele zake mwenyewe zitasukwa na kuchomekwa maua meupe ya pareto, ambayo Nelly atayaleta kutoka kwao Ipelele. Mwezi wa saba baridi ya huko haina mzaha. Oliva alikuwa amewaona maharusi wengi wakitetemeka mabega wazi huku watu wakisema wanatetemeka kwa furaha.

Alipowaonyesha wazazi wake, mama yake alilishika lile gauni akaligeuza ndani nje kukagua maungio, akasema limefumwa vizuri. Mzee Jacob aliuliza kitu kimoja tu, Flora ataambiwa na nani.

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Shangazi Flora alipata habari kwa njia zake, na kesho yake alishuka Uwemba akiwa na mkoba wake mkubwa na uso uliokamilika. Alikataa chai. Alisema sweta ni vazi la mlinzi na la mwanafunzi, na kwamba yeye hajajenga jina Makambako miaka yote hiyo ili mtoto wa mdogo wake aende altareni kama anakwenda kukamua ng'ombe. Alisema Oliva asipovaa shela, yeye hatakanyaga kanisani. Kisha akamgeukia kaka yake akamuuliza kama na yeye atakanyaga.

Mzee Jacob alitazama mikono yake. Baba yao alipofariki, Flora ndiye aliyeacha shule akaenda kusuka nywele ili yeye aendelee kusoma. Jambo hilo Shangazi hakulitaja, na hakuwa na haja ya kulitaja. Mzee akamtazama binti yake kwa macho ya kuomba.

Oliva aliinamisha kichwa, akapiga magoti mbele ya shangazi yake kama adabu inavyotaka, akasema kwa upole, "Shela litavaliwa, Shangazi."

Shangazi alipumua, akaomba ile chai. Mzee Jacob akatabasamu. Mama Oliva peke yake, aliyemzaa na kumlea, alimtazama binti yake kwa muda mrefu, akaamua kutouliza kitu.

Nelly na Oliva walilingana kimo, unene na hata kiatu. Tofauti yao ilikuwa kwamba Nelly aliyapenda mashela tangu utotoni. Alikuwa tayari kuvaa hata bila mume. Oliva alipomweleza anachofikiria, Nelly alianza kujaribu namna ya kutembea kabla hajamaliza kusikiliza. Aneth, ambaye sasa ndiye angekuwa msimamizi, alisema angekubali hata kama mpango ungekuwa mbaya zaidi ya huo.

Aliyebaki ni Beatha. Huyu alifanya kazi kwa Shangazi Flora tangu saluni ilipokuwa na kioo kimoja, na mikono yake ndiyo iliyochora zile nyuso zote. Oliva alimfuata kwa wasiwasi, akijua kwamba neno moja la Beatha lingemaliza kila kitu. Beatha alimsikiliza huku akiosha brashi. Akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani, akautazama ule uso wenye madoa na kovu kama mtu anayetazama shamba ambalo halijalimwa na mtu mwingine. Akasema amechoka kumchora dada mmoja kila Jumamosi.

Kasimiri aliambiwa jambo moja tu: siku hiyo akiwa mbele kanisani, amfuate yule anayemjua.

Shangazi Flora alikuwa na desturi yake. Hakumwona bibi harusi mpaka amalizike kupambwa. Asubuhi yote huhangaika na mambo mengine, kisha huingia chumba cha nyuma, hutoa watu wote, humwekea bibi harusi veli ya kichwani kwa mkono wake na kumpa maneno ya mwisho. Alisema jicho la kwanza huzoea, jicho la mwisho ndilo linaloona kasoro. Asubuhi ya Jumamosi hiyo alikuwa ukumbini akigombana na mtu wa keki, ambaye alileta keki ya rangi ya bahari wakati kamati ilisema bluu.

Kule chumba cha nyuma, Beatha alianza na Oliva. Alimpaka mafuta ya parachichi, akayafuta, akampaka tena kidogo. Poda ya rangi yake mwenyewe aliigusisha puani na kwenye paji la uso tu. Nyusi alizichana kwa brashi bila kuzinyoa, na kovu akaliacha lilipo. Mdomoni alimpaka rangi iliyokaribiana na ya mdomo wenyewe, akaifuta kwa kidole, akarudi nyuma, akatazama, akarudia. Saa ilikwenda. Nelly, aliyekaa na taulo kichwani akisubiri zamu yake, alilalamika kwamba hajawahi kuona mtu akipakwa muda mrefu hivyo ili aonekane hajapakwa.

"Nyamaza," Beatha alimwambia. "Wewe nakumaliza nikiwa nimefumba macho."

Na kweli, uso wa Nelly ulikwenda haraka. Fondesheni, nyusi, kope, wigi. Shela lilipofungwa vifungo vya mgongoni, Nelly alijitazama kwenye kioo. Kiooni hakukuwa na Nelly. Hakukuwa na mtu yeyote hasa; kulikuwa na bibi harusi wa Makambako.

Mama Oliva, aliyekuwa ameshaelewa bila kuuliza, alikuwa amemwambia mumewe alete pikapu mlango wa nyuma, kuna mzigo. Mzee Jacob akaleta. Mlango ulipofunguliwa, akatoka binti yake katika gauni la rangi ya udongo, buti miguuni, maua meupe kichwani, na uso uleule aliouona kila asubuhi tangu azaliwe, isipokuwa leo uling'aa kidogo. Mzee alisimama na funguo mkononi. Oliva akangoja akaripiwe. Baba yake alitazama dirisha la saluni, akatazama barabara, akamfungulia mlango wa gari.

"Panda kabla hajarudi," alisema.

Shangazi alirudi dakika chache baadaye, ameshinda vita vya keki. Aliingia chumba cha nyuma, akamwona bibi harusi amekaa mgongo wima, na macho yake yakalainika. Alimtoa Beatha, akamtoa na Aneth, akafunga mlango. Kisha akavuta kiti, akaishika mikono ya Nelly, akaanza kusema naye kwa Kibena.

Nelly alikuwa Mkinga. Kibena alikisikia sokoni, akaelewa bei na salamu. Alikuwa ameagizwa asifungue mdomo kwa vyovyote, kwa kuwa bibi harusi mwenye heshima hanyamazi kwa bahati mbaya, hunyamaza kwa adabu. Basi aliitikia kwa kichwa tu. Shangazi alisema mambo marefu, sauti ikapanda, ikashuka, ikakwama. Nelly aliambulia ng'ombe, na baadaye kidogo dirisha. Ghafla akaona Shangazi Flora analia, machozi yakichora mifereji kwenye poda ambayo watu wengi hawakuwahi kuiona ikiwa na ufa. Nelly akaanza kulia naye, nusu kwa huruma na nusu kwa sababu gundi ya kope ilimwingia jichoni. Shangazi alimfuta kwa ncha ya leso, akajifuta na yeye, akamwekea veli, akambusu paji la uso, akampeleka kwenye gari lenye maua.

Tarumbeta ziliwapokea kutoka njia panda. Upepo wa Makambako ulikuwa umeamka na nia yake, na gari liliposimama nje ya kanisa, mkia wa shela ulitoka mlangoni kabla ya mwenye shela. Shangazi aliteremka wa kwanza, akaukamata, akapiga kigelegele kirefu kilichojibiwa na wanawake wote uwanjani. Akamshika bibi harusi mkono, akamnyoosha, akainua macho kuelekea mlango wa kanisa ili amwone kaka yake.

Kaka yake alikuwepo. Na kwenye mkono wake alikuwa amesimama Oliva.

Kigelegele kilikatika. Shangazi alimtazama Oliva, akamgeukia yule aliyemshika mkono, akamsogezea uso karibu kabisa, kama Bibi Lucia alivyofanya ukumbini.

"Na wewe ni nani?" aliuliza polepole.

"Nelly, Shangazi," alijibu yule bibi harusi kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa aliona ni utovu wa adabu kuishia hapo, akaongeza salamu ya Kibena, "Kamwene."

Watu waliokuwa karibu walianza kuelewa, na habari ikatembea uwanjani kwa viwiko. Nusu ya wanawake waliosimama pale walikuwa wamewahi kukaa kwenye kiti cha Shangazi Flora. Wote walimtazama. Angeweza kupiga kelele, lakini kelele hizo zingesema nini? Kwamba amempamba mtoto wa watu, amemlilia, amembusu, bila kujua si wake. Oliva aliliona wazo hilo likipita usoni mwa shangazi yake. Alikuwa amewaza sana namna ya kufika kanisani. Hakuwa amewaza namna Shangazi atakavyosimama pale peke yake.

Shangazi Flora aliupandisha mkoba begani, akazipanda ngazi. Alisimama mbele ya Oliva. Akaanza kumkagua kutoka chini: buti, pindo, nakshi, kiuno. Alilishika gauni kati ya vidole viwili akalivuta kidogo kuona kama linarudi. Likarudi. Kwenye kiwiko akakuta ncha ya uzi iliyochomoza. Alifungua mkoba, akatoa mkasi.

Mzee Jacob alisema, "Dada."

Shangazi aliushika mkono wa Oliva. Aliirudisha ile ncha ndani kwa sindano ya nywele, akakata iliyobaki, akaurudisha mkasi. Halafu akautazama uso.

"Nani amekupaka?"

"Beatha."

"Hapa amezidisha." Akampitishia kidole gumba kwenye nyusi isiyo na kovu, akafuta kitu ambacho Oliva hakuamini kama kilikuwepo. "Ingia. Padri anasubiri. Yangu na yako baadaye."

Kisha akateremka ngazi kumfuata Nelly, ambaye alikuwa ameanza kuivua veli. Alimzuia mkono. Alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika na wote waliokuwa na masikio, kwamba mwaka huu ndivyo maharusi wanavyotoka, mpambe mweupe nyuma na bibi harusi wa rangi mbele, na asiyejua basi amechelewa. Halafu akainama, akamwambia Nelly peke yake, "Ulitaka shela. Utalivaa siku nzima. Ukilivua kabla sijasema, utanitambua."

Wakaingia hivyo. Kanisa zima liligeuka kumtazama Nelly na mkia wake, isipokuwa Kasimiri, ambaye hakumwona kabisa. Alikuwa anamtazama yule anayemjua, na alikuwa ameanza kutembea kumfuata kabla ya wakati, hadi msimamizi wake akamvuta koti.

Ukumbini Shangazi alianza kulipiza. Alikaa meza ya mbele akiwa ametengeneza upya uso wake, akawa anaendesha mambo kwa kidole. Nelly hakuruhusiwa kukaa bila watu wawili kukunja mkia wake. Hakuweza kula pilau kwa sababu ya rangi ya mdomo, wala kwenda msalani bila msafara. Jasho lilipoanza, uso wake ulianza kuhama, na kope moja ikadondokea kwenye supu. Babu yake Kasimiri, Mzee Anderson, aliyekuja kutoka Lupingu na macho yaliyochoshwa na ziwa, alisimama kutoa nasaha akampongeza mjukuu wake kwa kuoa wawili kwa siku moja, akasema yeye enzi zake alijitahidi akashindwa kupata hata ruhusa ya kufikiria. Paroko alijifanya anakohoa.

Oliva naye hakusalimika. Sufu iliyokuwa rafiki yake uwanjani, kwenye ukumbi uliojaa watu wanaocheza ilikuwa adui. Alipotaka kupumzika, Shangazi alimwita mshereheshaji, akamnong'oneza, na mshereheshaji akatangaza kwamba bibi harusi ameombwa na upande wa shangazi acheze tena. Ikapigwa ngoma, zikapigwa nyingine. Oliva alicheza mpaka shingo ndefu ya gauni ikawa kama bandeji ya moto. Alijifuta uso kwa leso ya mezani, nguvu zote, mbele za watu. Leso ilitoka na jasho. Uso ulibaki palepale. Wanawake wa meza ya karibu waliiona leso ile, na Oliva aliwaona wakiitazama.

Walipopata nafasi ya kukaa pamoja, Nelly alimwinamia sikioni, akamwambia kwamba shangazi yake alimweleza jambo refu kuhusu ng'ombe na dirisha, na alilia. Oliva alimuuliza ng'ombe gani. Nelly hakujua. Alisema alitamani kumwambia asiendelee, lakini alikuwa ameahidi kunyamaza.

Baada ya hapo Shangazi Flora hakuja nyumbani kwa Oliva, ingawa nyumba ya Kasimiri ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka saluni. Picha ya mlango wa kanisa ilizunguka kwenye simu. Wengine walimcheka bibi harusi wa sweta, na mama mkwe wake alisema angalau hataugua kifua. Wengine hawakucheka. Beatha hakufukuzwa. Aliwekewa kiti chake na kioo chake, na juu yake likaandikwa bango: Uso wa Asili. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko ya uso mwingine, na mteja akiuliza kwa nini alipe zaidi kwa kupakwa kidogo, Shangazi alimjibu kwamba kupunguza ndiyo kazi.

Oliva alikwenda saluni mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa Shangazi ametoka, na mara zote mbili aliviona viatu vyake chini ya pazia.

Mwezi wa tisa, alasiri moja ya upepo mkali, Shangazi alibisha hodi. Alikaa kwenye kochi bila kuegemea. Oliva alimpigia magoti akamsalimu, na hapohapo, kabla hajasimama, akamwomba radhi. Alisema haombi radhi kwa gauni. Anaomba radhi kwa kumwacha asimame vile uwanjani, na kila mtu anamtazama.

"La uwanjani lilipita," Shangazi alisema. "Biashara imenilipa. Hilo sina kinyongo nalo." Alikunja na kukunjua leso. "Yale maneno ya chumbani niliyaweka kwa ajili yako tangu ukiwa mtoto. Aneth sikumpa. Nilikuwekea wewe. Nikaenda nikamwambia Mkinga."

Oliva aliinuka. Alikwenda jikoni akabandika chai, akarudi akakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya shangazi yake, akamwomba aanze upya.

Shangazi alisema maneno kama yale hayasemwi mara mbili. Akanywa chai. Akauliza kama Kasimiri anarudi mapema. Kisha, akitazama dirisha, akaanza kwa Kibena, taratibu, kusimulia harusi yake mwenyewe pale Uwemba. Hawakuwa na kitu, na shela aliazima kwa jirani. Wakati watu wanakula, ng'ombe wa upande wa bwana harusi akakata kamba akaingia shamba la jirani yule, akala maharage mstari mzima. Jirani hakwenda kwa mwenye ng'ombe. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akagonga dirisha la chumba alichokuwa bibi harusi, akadai shela lake, saa hiyohiyo. Flora alilivua, akalipitisha dirishani. Mpiga picha alikuwa bado njiani kutoka Njombe. Alipofika, akamkuta bibi harusi amevaa kitenge cha mama yake na sweta la mtu, akauliza huyo bibi harusi mwenyewe anatoka saa ngapi.

"Hana picha hata moja?" Oliva aliuliza, kama vile wanamzungumzia mtu mwingine.

"Hana. Alikataa kupigwa." Shangazi aliweka kikombe chini. "Nikasema binti yeyote wa nyumba yetu atavaa shela letu wenyewe, refu, na hakuna atakayegonga dirisha. Ndiyo niliyokuwa nakwambia. Na yule Nelly wako anaitikia tu kwa kichwa, kila nikitaja ng'ombe anaitikia."

Midomo ya Oliva ilianza kucheza. Alijitahidi kuibana, akamtazama shangazi yake, akaona na yake inacheza. Alijaribu kusema pole, neno likatoka limepinda. Shangazi aliziba uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika, na Oliva hakujua kama analia mpaka aliposikia sauti, kicheko cha chini chini kinachopanda, kile ambacho baba yake alisema Flora alikuwa nacho utotoni na kilimfukuzisha kwenye kwaya. Alicheka mpaka wanja ukashuka mashavuni. Oliva alimletea maji ya vuguvugu na kitambaa. Shangazi aliosha uso wote palepale kochini, akaendelea kucheka akiwa hana kitu usoni, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye madoa madogo puani.

Kasimiri alirudi kutoka dukani akawakuta hivyo, mmoja chini mmoja juu, wote hoi. Alimwamkia shangazi mtu kwa heshima, akamtazama mara ya pili, kisha akauliza wanacheka nini.

Walitazamana. Oliva akamwambia sukari imekwisha, akalete.